Mizigo ya Bamvua

Kwa matembezi ya siku moja kando ya bahari nilifunga mizigo siku tisa. Nasema nilifunga mimi, kwa kuwa mke wangu alikuwa amekwisha kufunga yake siku ya kwanza, kabla chai haijapoa: leso mbili, karanga za kukaanga, kisu, na kibuyu kidogo kisichozidi ngumi ya mtoto. Vilivyobaki vyote vilikuwa vyangu.

Kibuyu ndicho kilichotutoa nyumbani. Ndugu mdogo wa mke wangu alikwenda vitani akiwa kijana, akarudi kwa meli kutoka Burma akiwa na homa, akashushwa Mombasa na kupelekwa katika zahanati ndogo ya misheni iliyokuwa ufukoni. Alifia pale bila kupanda gari la moshi la kumleta kwao. Sasa, kwetu magharibi, mtu akifia mbali na mwili wake usiletwe, huletwa konzi moja ya udongo wa kaburi lake, ukafukiwa nyuma ya nyumba ya mama yake. Hapo ndipo kilio hukoma na mama hunyoa nywele za msiba. Mama mkwe wangu alikuwa na mwaka wa nne hajanyoa. Nywele zake zilikuwa zimeota kama kichaka kilichoachwa, na kila aliyetoka kwao kuja mjini alituletea swali lile lile: udongo umefika?

Mimi nilikuwa mwalimu mkuu wa shule ya kanisa yenye vyumba viwili, mwendo mfupi kutoka stesheni ya Eldoret, mji ambao wazee bado waliuita Sisibo. Kama mwalimu mkuu, niliona habari ya udongo kuwa ni masalio ya giza. Nilikubali safari kwa sharti kwamba tunakwenda kuzuru kaburi na kusali, na kwamba udongo, ukichukuliwa, utachukuliwa bila mimi kutazama. Mke wangu alilikubali sharti hilo upesi mno, jambo ambalo lingenipa shaka kama ningekuwa mtu wa kutiwa shaka na wepesi wa mambo.

Mwalimu wa kanisa aliyemzika yule kijana alikuwa hai bado. Alijibu barua yetu kwa mwandiko wa mviringo uliopangika vizuri, nami niliwaonyesha wanafunzi wangu wauige. Aliandika hivi: "Kaburi lipo, nalipalilia mwenyewe. Kutoka kwangu ni mwendo wa asubuhi moja kwa miguu, njia ya ufukoni. Ila njooni siku za bamvua, mwezi ukiwa mpevu. Siku za maji mafu kivuko hakipitiki. Wala msije na mzigo mwingi."

Sentensi ya mwisho niliichukulia kuwa ya adabu tu, kama mtu akuambiaye usijisumbue huku akitazama mikono yako. Iliyonishughulisha ni ile ya katikati. Neno bamvua sikuwa nimelisikia. Nilikuwa nimesoma kila kitabu cha Kiswahili kilichokuwamo katika kabati la misheni, vingine mara mbili, na nilikuwa nikiwachapa watoto kwa kusema "kitu yangu". Haikuwezekana pawepo neno la Kiswahili ambalo mimi silijui. Iliwezekana tu pawepo neno ambalo sijalifikiria bado.

Nikalifikiria. Ndani ya bamvua, hata kipofu huiona mvua. Hiyo "ba" iliyotangulia, nikamweleza mke wangu tukiwa mezani, ni kiambishi cha kale cha ukubwa, ambacho watu wa Pwani wamekihifadhi na sisi wa bara tulikipoteza njiani tulipokuwa tukipanda milima. Bamvua, basi, ni mvua kubwa kupita kiasi.

Mke wangu aliacha kumenya kiazi. "Baba watoto, yaani tungoje mvua kubwa ndipo tuvuke? Kwetu mvua ikinyesha ndipo Nzoia haivukiki."

Swali lake lilikuwa zuri, na kwa sababu hiyo lilinikera. Nikamwambia asipime bahari kwa mto. Mwenyeji wetu amekwisha kueleza kwamba kuna maji mafu, yaani maji yaliyotuama yakaoza, yenye mbu na uvundo, na hayo ndiyo yazibayo kivuko. Bamvua likija huyasukuma yote baharini, njia ikawa safi. Ilikuwa tafsiri iliyokamilika, haina tundu. Mpaka leo nikiikumbuka naistahi, kama mtu anavyoistahi nyumba nzuri iliyojengwa katika kiwanja cha mwingine.

"Si uulize mtu?" akasema.

Kuuliza si ujinga. Methali hiyo nilikuwa nimeiandika kwa chaki juu kabisa ya ubao wa darasa la nne, nikakataza isifutwe. Sikuona kwamba inamhusu aliyeiandika. Kamusi ilikuwako, lakini ilikaa ofisini kwa mkaguzi wa shule, naye alikuwa Mzungu. Kwenda kwa Mzungu kuomba maana ya neno la Kiswahili ni jambo ambalo sikuweza kulitenda na bado nikasimama mbele ya watoto wa watu.

Basi nikafunga kwa ajili ya mvua. Nilianza na kabuti langu la sufu, zito, ambalo asubuhi za Uasin Gishu zilikuwa zimenifundisha kuliheshimu. Baadaye nikaona si haki mimi nipone na mke wangu alowe, nikaazima kabuti la pili kwa mwalimu mwenzangu. Miavuli miwili. Siku ya tatu nikakumbuka kwamba mvua inayostahili jina la pekee haiji kutoka juu peke yake, nikaongeza gambuti, jozi mbili. Siku ya tano nikapata wasiwasi juu ya chakula kulowa, na siku ya sita nikaenda kwa mzee wa kanisa kuomba turubai.

Turubai lile lilikuwa ndilo lililofunika mahindi ya mavuno ya shukrani. Mzee wa kanisa alikuwa mkulima wa huku huku, mwangalifu wa mali ya Bwana kuliko Bwana mwenyewe. Aliniapisha kwamba halitararuliwa, halitakatwa, halitaachwa hata dakika moja mikononi mwa mtu asiyebatizwa. Niliapa kwa furaha. Mimi hupenda viapo. Hufanya mambo madogo yawe na umbo.

Gambuti moja ilikuwa na tundu, nikaipeleka kwa fundi viatu aliyekaa chini ya kibaraza cha duka la Mhindi. Alikuwa mtu wa upande wa Ziwa, mwenye ulimi mwepesi na mikono myepesi zaidi, na kasoro yake kubwa ilikuwa kwamba busaa haikumpita siku hata moja. Nilikuwa nimemkaripia mara nyingi mbele ya watu, kwa faida yake.

Aliingiza kidole tunduni, akakichezesha upande wa pili kama panya anayechungulia. "Mwalimu, hii gambuti unapeleka wapi? Kwa ng'ombe?"

"Pwani."

Alinitazama usoni aone kama nacheka. "Pwani ya wapi? Mombasa? Ama kuna Pwani ingine huko Molo?"

Watu wawili waliokuwa wakingoja viatu vyao wakacheka. Nikasema kwamba tunatazamia mvua kubwa.

"Mvua! Huu mwezi? Mzee, huko saa hii jua inapika mtu mpaka ndani ya mfupa. Nani amekudanganya?"

"Sikudanganywa. Nimeandikiwa."

"Wameandika nini? Hebu soma." Akaweka nyundo chini. "Mimi nilikaa huko miaka mbili wakati ya vita. Nilipakua sukari, nikapakua risasi, nikapakua hata punda. Bahari najua. Ngoja nikuambie kitu moja ya hiyo maji, kama unataka kutembea kando yake, kuna siku maji inaenda mbali, na kuna siku—"

"Utaniambia," nikasema, "siku utakapoacha pombe."

Fundi aliokota nyundo yake polepole. "Aya, Mwalimu. Hiyo itakuwa siku refu kidogo." Akaziba tundu, akaziba vizuri sana. Nilikwenda zangu nikiwa na uhakika kwamba nimetetea kiasi na adabu. Barua ilikuwa mfukoni mwangu wakati wote ule. Ilikuwa nusu ya dakika tu kuitoa.

Siku ya nane ilitokea kwamba vitu havienei. Nilikuwa na kikapu kimoja na gunia moja, na nilipojaribu kuyapanga makabuti, gambuti ya kushoto ilikosa mahali isipokuwa pale kilipokaa kibuyu. Nikakitoa kibuyu, nikakiweka dirishani, nikaeleza kwamba udongo unaweza kutiwa katika karatasi, na kwamba kwa hakika Mungu hautambui udongo kwa chombo chake.

Mke wangu huniita Baba watoto. Akiniita kwa cheo changu, najua kwamba mazungumzo yamekwisha.

"Mwalimu," akasema, "kibuyu hicho amekitoboa mama yangu kwa mkono wake, na macho yake haya hayaoni vizuri. Nikirudi bila udongo ndani yake sitapita Eldoret, nitashuka hapo na kukaa, na yeye atakufa na nywele zake kichwani. Wewe funga mvua yako. Hicho kitakwenda hata ukibaki."

Akakichukua dirishani, akakifunga katika pindo la leso yake, na tangu saa ile sikukiona tena juu ya mizigo. Nilifurahi kwamba gambuti imepata nafasi.

Sitaeleza siku za garini. Daraja la tatu lilikuwa limejaa, na gunia langu lilikalia mahali pa watu wawili. Abiria waliopanda Nakuru waliniuliza kama ninahamia Pwani kabisa, na waliopanda Voi waliniuliza kama nimefukuzwa bara. Tulifika mwezi ukiwa mpevu, kwa sababu mke wangu alikuwa ameuhesabu kwa vidole tangu Krismasi. Jambo hilo moja ndilo lililopangwa sawasawa katika safari ile, na halikupangwa nami.

Mwenyeji wetu alikuwa mzee mwembamba, mpole, mwenye kofia ya ukindu. Alitupokea kwa maji ya madafu na maneno mengi ya heshima. Asubuhi, jua likiwa limepanda kimo cha mtu, alitukuta uwanjani kwake tuko tayari. Nilikuwa nimevaa gambuti. Kabuti lilikuwa begani, turubai na gunia mgongoni vimefungwa kwa kamba, na miavuli yote miwili nimeikamata mkononi. Mke wangu alikuwa na kabuti la pili na kikapu.

Aliutazama mzigo wote, kuanzia juu hadi chini, halafu kuanzia chini hadi juu. "Mwalimu," akasema taratibu, "mwataka kulala huko?"

"La. Ni kwa ajili ya bamvua."

"Aa." Akatikisa kichwa. Watu wa Pwani wana adabu ambayo sisi wa bara hatujaijua hatari yake: hawakuulizi mara ya pili. Baadaye alituambia alidhani kwamba kwetu milimani hatuna desturi ya kulowesha miguu, na kwamba turubai ni la kumtandikia mama aketi. Alisema tu, "Basi twende, maana tukichelewa hatutavuka. Ni mwendo wa saa tatu kwa mtu mwenye mikono mitupu."

Njia yenyewe haikuwa njia, ila ulikuwa mchanga mrefu, upande mmoja vichaka na mawe makali, upande mwingine bahari, nayo ilikuwa mbali. Niliona ajabu jinsi ilivyokuwa mbali. Kati yetu na maji palikuwa na uwanja mpana wa miamba, majani mabichi na vidimbwi, na wanawake walikuwa wameinama kule wakiokota kitu. Nikamwonyesha mke wangu vile vidimbwi: maji mafu. Nikamwonya asivisogelee.

Gambuti huingia mchangani kwa urahisi na hutoka kwa shida. Kwa kila hatua ya mwenyeji wetu nilikanyaga moja na nusu, na hiyo nusu nilikuwa nikirudi nyuma. Jua likapanda. Kabuti la sufu huhifadhi joto kwa uaminifu, na halichagui joto la kuhifadhi. Kwenye pwani isiyo na kivuli nilifungua mwavuli, upepo ukaugeuza ndani nje, nikasimama kuurekebisha. Mwenyeji wetu akasimama kunisubiri, akatazama bahari, kisha akatazama jua. Alifanya hivyo mara nne. Mara ya tano akasema, "Mwalimu, tujitahidi."

Tulikuwa tumetembea saa tatu na zaidi, na kivuko hakijaonekana, mke wangu alipotua kikapu. Uso wake ulikuwa umejaa jasho. Akamgeukia mwenyeji, si mimi.

"Mzee, hii mvua itanyesha saa ngapi?"

"Mvua gani, mwanangu?"

"Hiyo ya bamvua."

Yule mzee alivua kofia yake, akajifuta kipara, akaivaa tena. Nadhani alikuwa akitafuta njia ya kusema jambo lile bila kumwambia mwalimu mwenzake kwamba ni mjinga mbele ya mkewe. Hakuipata, maana haikuwako.

"Bamvua si mvua," akasema. "Bamvua ndilo hili." Akanyoosha mkono kuonyesha ule uwanja wote wa miamba na majani. "Ni siku hizi za mwezi, bahari ikijaa hujaa sana, na ikipwa hupwa sana, mpaka kivuko huwa magotini. Siku za maji mafu haijai sana wala haipwi sana, ndiyo maana hampiti. Ila hupwa kwa saa zake." Akatazama tena jua. "Na saa zake zimekwisha. Maji yanarudi."

Mke wangu alianza kucheka. Alicheka akiwa ameshika kiuno, akacheka mpaka akakaa juu ya kabuti, kisha kicheko kikakatika ghafla kama kamba. Akainuka.

"Kivuko ni wapi?"

"Nyuma ya mwamba ule."

Tulikwenda karibu mbio. Nyuma ya mwamba palikuwa na mkono wa bahari unaoingia bara, upana wake kama wa barabara kuu ya Eldoret, ile iliyopimwa ili fahali wa Makaburu waweze kugeuza magari yao. Ng'ambo niliona paa la bati na msalaba mweupe. Kati yetu na paa lile maji yalikuwa yanaingia, bila mawimbi wala kelele, kama watu wanavyoingia kanisani. Mwenyeji wetu alitia mguu, yakamfika juu ya goti.

"Bado yapitika," akasema. "Lakini sasa hivi. Na bila mzigo. Mwenye mzigo atakokotwa."

Mke wangu alikwisha kuvua viatu. "Baba watoto, tupa hivyo vitu. Twende."

Hapa ndipo watu hunikatiza ninaposimulia, wakitaka kujua kwa nini sikuvitupa. Ningeweza kuyaacha makabuti juu ya mwamba. Moja lilikuwa la kuazima, lakini mwenzangu angenisamehe. Turubai, hata hivyo, lilikuwa la kanisa. Nilikuwa nimeapa kwamba halitaachwa, na wale wanawake waliokuwa wakiokota vitu miambani walikuwa wanarudi pwani, nami sikujua ni nani kati yao amebatizwa. Nililieleza hilo. Nililieleza kwa utaratibu, kwa hoja ya kwanza na ya pili, huku maji yakipanda.

Mke wangu hakungoja hoja ya tatu. Alikaza leso yake, akashika mkono wa yule mzee, na wakaingia. Katikati maji yalimfika kifuani. Aliuinua mkono wake mwingine juu, na katika mkono ule alikuwa na pindo la leso lililofungwa. Hakugeuka nyuma. Walipotoka ng'ambo, nguo zimewagandama, walikuwa wadogo kama wanafunzi wa chekechea, na kivuko kilikuwa kimekuwa bahari.

Mzee alipiga kelele kitu ambacho upepo ulinipunguzia: watalala misheni, watarudi kesho maji yakipwa. Nikapunga mwavuli kuonyesha nimesikia.

Nikakaa juu ya turubai la kanisa. Nilikuwa na makabuti mawili, jozi ya gambuti miguuni, jozi nyingine guniani, miavuli miwili ambayo mmoja ulikuwa umevunjika mbavu, na kikapu cha karanga. Sikuwa na maji ya kunywa. Katika siku tisa za kufunga mizigo sikuwahi kufikiri kwamba mtu aweza kuona kiu pale maji yalipo mengi kiasi kile. Mawingu hayakuwako hata ya kufuta kalamu.

Wanawake wa miambani walifika wakiwa na makapu ya kome. Mmoja alisimama mbele yangu, akavuta mkono wa kabuti, akaupima kati ya vidole viwili kama mjuzi.

"Baba, makabuti haya wauza?"

"Siuzi."

"Basi wayaanika?" akauliza mwenzake, na wote wakaangua kicheko. Yule wa kwanza alinihurumia, akanipa maji katika kifuu cha nazi. Nikamshukuru. Nilipomwuliza kama amebatizwa alikuwa amekwisha kwenda zake.

Nilirudi peke yangu alasiri ile, na mzigo wote. Kesho yake mke wangu alirudi bamvua lilipopwa, nguo zimekauka, uso wake umetulia kwa namna ambayo sikuwa nimeiona tangu barua ya serikali yenye habari ya kifo kile ilipotufikia. Nilimwuliza kaburi likoje. Akasema lina mawe meupe pembeni na mti mdogo kichwani. Nilingoja zaidi. Akasema, "Ndivyo lilivyo." Ruhusa yangu ya safari ilikuwa inakwisha, na gari letu lilikuwa la jioni ile, hatukuwa na siku nyingine ya mimi kwenda kuona nilichofuata. Turubai nililirudisha bila doa. Mzee wa kanisa alilikunjua lote, akalikagua, akanisifu mbele ya mkutano.

Kabla shule haijafunguliwa tulikwenda kwao mke wangu. Kwetu mkwe wa kiume na mama mkwe hawakai chumba kimoja wala hawasemezani ana kwa ana. Mimi niliketi barazani juu ya kigoda, yeye akawa ndani, nyuma ya ukuta wa fito na udongo, na kila neno lake kwangu lilipita kwa binti yake, ingawa nililisikia lote kabla halijapita. Asubuhi ile walikuwa wameufukia udongo nyuma ya nyumba. Sikuuona ukifukiwa; sharti langu lilikuwa linafanya kazi bado. Niliisikia tu sauti ya jembe, na baadaye nikasikia wembe ukikwaruza, polepole, na mashangazi wakiimba.

Halafu sauti ya mama mkwe, kavu, wala haina haraka: "Mwulize bwanako. Yeye kaburi la mwanangu aliliona?"

"Mama anauliza," mke wangu akasema kupitia mlangoni, "kama uliona kaburi."

Ningeweza kusema ndiyo. Mawe meupe pembeni, mti mdogo kichwani. Mke wangu alinitazama, na nilijua hatanisaliti. Lakini nimefundisha watoto wa watu miaka mingi kwamba uongo ni uongo hata ukiwa mfupi.

"Mwambie sikufika."

"Anasema hakufika."

"Alizuiwa na nini?"

"Mwambie nilikuwa nalinda mizigo."

"Alikuwa analinda mizigo, mama."

"Mizigo ya nani?"

Mke wangu hakunipitishia swali hilo. Akamjibu mwenyewe, kwa sauti ya chini, kwa lugha yetu, na alieleza kwa muda mrefu kidogo. Nikasikia neno bamvua likipita katikati ya maneno mengine kama mgeni. Mashangazi walijizuia, mmoja akashindwa, akakimbilia nyuma ya nyumba kwenda kuchekea huko.

Adhuhuri wakaniletea kuku. Mkwe akija, huchinjiwa, na kuku huletwa mzima sahanini, na juu yake huwekwa firigisi, peke yake, ambayo haigusi mtu mwingine yeyote; kwayo mkwe hujua anavyohesabiwa katika nyumba ile. Kuku alikuwamo, miguu, mabawa, mgongo, kichwa. Niligeuza vipande. Nikavigeuza tena, kwa heshima, kwa ncha ya kidole.

Nilipoinua macho, mke wangu alikuwa amesimama mlangoni akitafuna polepole. Kwao mwanamke hali kuku, achilia mbali firigisi. Ni mila ambayo nimeihubiri kuwa ya giza tangu nilipokabidhiwa mimbari, mara nyingine nikipiga meza. Mama mkwe wangu hajawahi kuingia kanisani, lakini huko ndani nilimsikia akimwuliza bintiye kama imeiva vizuri.

"Imeiva, mama," akajibu.

Nikaomba baraka juu ya kilichobaki, nikala.